Subira ya Goti Lililovunjika



Leo napenda kukuzungumzia jambo ambalo huenda ukaliona dogo ukililinganisha na yale tuliyoyazoea katika kurasa hizi. Nataka kukuzungumzia goti. Si goti la mfano wala la fumbo, bali goti lenyewe, la mfupa na nyama, tena langu mimi, la mguu wa kulia, lililovunjika mwanzoni mwa Machi 2022 hapa Katesh, wilayani Hanang, nilipoteleza kwenye ngazi ya mawe nikitoka kuswali alfajiri.

Habari hiyo nilikuwa nimeiweka moyoni mwangu. Iliyonitoa kimya ni habari nyingine, nayo unaikumbuka. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka alfajiri juu ya mji wetu na vijiji vilivyo chini ya mlima. Walifariki watu zaidi ya 80, na walioumia walipindukia 100. Magazeti yaliandika juu ya maziko na juu ya misaada, na ilikuwa haki yao kufanya hivyo. Lakini majeruhi walirudi makwao mmoja mmoja, waandishi wakiwa wamekwisha kuondoka, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo haikuandikwa popote: kazi ya kukaa na mguu uliovunjika ndani ya nyumba.

Mwezi wa Februari 2024 niliitwa katika nyumba moja nikamwombee dua kijana wa miaka kama 25. Gogo lililobebwa na tope lilimpiga gotini, ikapasuka pia ya goti, yaani kile kifupa cha duara kinachokaa mbele ya goti kama kifuniko, ikawa vipande viwili vilivyoachana. Alipasuliwa hospitali, vipande vikaungwa kwa waya, na sasa mfupa ulikuwa umekwisha kushikana. Daktari alikuwa amemwambia aanze kulikunja goti. Lakini kila alipotaka kushuka kitandani mama yake alimrudisha, na ndugu zake wakambeba mpaka chooni kama mtoto. "Tulia mwanangu," mama alimwambia mbele yangu, "subira ni ibada." Mguu ulikuwa umenyooka kama mchi, paja limesinyaa likawa nusu ya lile la pili. Kisha nikaombwa nimwombee azidi kupata subira.

Nikamwombea. Halafu nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikalikunja goti langu la kulia mpaka kisigino kikaingia chini ya kigoda. Wote wakanitazama, kwa kuwa walikumbuka jinsi nilivyokuwa nikitembea kwa magongo. Yale niliyomweleza kijana yule siku ile ndiyo ninayokuandikia.

Mimi nilipoanguka sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu, na nilipotaka kuinuka mguu ukakataa. Goti likavimba mbele ya macho yangu. Wanafunzi wangu wakataka kunisimamisha kwa nguvu ili waone kama nitakanyaga. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kimbulu aliye seremala, akawakemea. Alileta mbao mbili, akaziweka huku na huku ya mguu, akazifunga kwa khanga za mke wangu, juu ya goti na chini yake, bila kukaza sana, na kila mara akinibonyeza kidole cha mguu kuona kama damu inarudi. Nasema bila kukaza sana, kwa kuwa wako waunga mifupa wanaodhani kwamba fungo likikazwa zaidi ndivyo mfupa unavyounga upesi. Fungo lililokazwa mno huzuia damu, na mguu uliovunjika tu unaweza kugeuka mguu wa kukatwa.

Tulipata gari, tukapita njia ya Basotu, katikati ya mashamba yale makubwa ya ngano, mpaka Haydom, upande wa Mbulu, kwenye hospitali ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Wazee wa wilaya zetu mbili, za dini zote, wanaijua njia hiyo. Nikapigwa picha ya eksirei. Kisha daktari akaniambia jambo lililonishangaza: "Mzee, inua mguu wote ukiwa umenyooka, hata kwa kiasi cha shibiri moja." Niliuinua, machozi yakinitoka. Akafurahi. Akanieleza kwamba pia ya goti imekaa ndani ya kano la msuli wa paja, kama fundo katikati ya kamba. Msuli ukivuta, kamba hupita juu ya goti na mguu hunyooka. Ikiwa kifupa kimepasuka na vipande vimeachana, kamba imekatika, na mgonjwa hawezi kuinua mguu. Huyo huhitaji kupasuliwa na kuungwa kwa waya, kama yule kijana. Ikiwa kimepasuka lakini vipande havikuachana, na mguu unainuka, basi mara nyingi hutosha kufungwa plasta mguu ukiwa umenyooka. Nikafungwa plasta, hogo kama vijana wanavyoliita, kutoka katikati ya paja mpaka juu kidogo ya kifundo cha mguu, nikaambiwa wiki 6.

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Mimi nimesomesha vijana mlango wa rukhsa, yaani nafuu za sharia kwa mgonjwa na msafiri, kwa zaidi ya miaka 40. Nilidhani naujua. Siku ya kwanza wanafunzi wangu walikuja na sura za huzuni, wakaniuliza nitatawadhaje na hogo lile. Nikacheka, nikawaambia wafungue Suratul-Maida, aya ya 6, waniambie miguu huoshwa mpaka wapi. Mpaka vifundoni. Hogo langu liliishia juu ya vifundo, kwa hiyo udhu wangu ulikuwa ule ule wa siku zote. Palipohitaji mafundisho ni josho: pale huosha mwili uliobaki, hupangusa juu ya plasta kwa mkono wenye maji bila kuilowesha, na kwa madhehebu yetu ya Shafii huongeza kutayamamu. Sala nikaswali juu ya kiti, mguu nimeunyoosha mbele juu ya kigoda. Ramadhani ilipoingia mwezi Aprili nilikula kwa udhuru, nikalipa baadaye. Yote haya niliyasema kwa ulimi mwepesi.

Lakini nafsi haikusoma kitabu kile.

Nilifanya kosa la kwanza katika wiki ya kwanza. Choo chetu ni cha shimo, nje, na usiku wa Machi hapa kwetu chini ya mlima una baridi na tope. Kila nilipotaka kwenda haja ndogo ilikuwa lazima mke wangu aamke, awashe taa, anishike kwapani, na yeye mwenyewe ana mgongo unaomsumbua. Niliona haya. Basi nikaamua, bila kumwambia mtu, kwamba kuanzia magharibi sitakunywa maji. Baadaye nikapunguza hata ya mchana. Kwa siku nne nilijiona mtu mwenye huruma na subira.

Siku ya tano mke wangu alimwaga chombo asubuhi, akarudi amekishika mkononi. "Mwalimu," akaniambia, "mbona mkojo wako umekuwa kama chai ya rangi?" Nikajaribu kugeuza maneno. Hakukubali. Nilipokiri, aliketi ukingoni mwa kitanda akalia, na katika ndoa yetu yote sijamwona akilia mara nyingi. Akasema, "Miaka arobaini nimekula chakula chako na kuvaa nguo zako, wala sikuona haya. Leo Mungu amenifungulia mlango nikutumikie, na wewe unaufunga kwa kiu?"

Sikuwa na jibu, ndugu msomaji. Nimetoa mawaidha mengi juu ya thawabu za kumhudumia mgonjwa. Sikuwahi kufikiri kwamba mgonjwa naye anaweza kuwa mchoyo wa thawabu hizo. Tena ule haukuwa uchoyo wa roho peke yake. Mtu anayelala sana na asiyekunywa maji hufunga choo, mkojo humuunguza, na damu yake huwa rahisi kuganda katika mishipa ya mguu usiotembea. Siku ile ile yule jirani seremala alitutengenezea kiti chenye tundu katikati na beseni chini yake, kikawekwa pembeni ya kitanda nyuma ya pazia. Mke wangu akapata usingizi wake. Kiti kile kilinifaa kuliko dawa nyingi, na hakikugharimu zaidi ya mbao za sanduku. Choo cha kuchutama hakiwezekani kabisa kwa mwenye goti lililofungwa. Kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii na ianze na kiti hicho kabla ya jambo jingine.

Seremala huyo huyo alinichongea magongo ya kwapani. Alinipima nikiwa nimesimama, akaacha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na kichwa cha gongo. Mimi nilidhani mtu hujitundika kwa makwapa; hapana, uzito huchukuliwa na viganja vya mikono, kwani kwapa likibanwa kila siku mkono hufa ganzi. Kwenye ngazi nilifundishwa kwamba mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mbovu hutangulia kushuka. Mjukuu wangu alilishika jambo hili kwa wimbo wake mwenyewe, akawa ananiimbia mlangoni kila nikitoka, hata mbele ya wageni.

Ama wageni, Mungu awalipe kheri, walikuja wengi na sukari na sabuni. Sunna ya kumzuru mgonjwa ni kukaa kidogo na kumwombea. Wengi wetu tumeishika nusu ya sunna hiyo. Kila aliyekuja alikuwa na habari ya jamaa yake ambaye mguu wake ulioza, na aliisimulia mpaka mwisho. Mmoja aliniletea supu ya makongoro, akasema mfupa huungwa na mfupa. Nikainywa, ilikuwa tamu. Lakini daktari alikuwa ameniambia kwamba yanatosha maziwa, ambayo Hanang hatuna shida nayo, na maharage, mayai, dagaa na mboga za majani.

Kuna mambo machache ambayo mke wangu aliambiwa ayaangalie, na mimi nakuomba uyajue hata kama hujavunjika. Ukiona vidole vya mguu uliofungwa vimekuwa vya baridi, au vya rangi ya buluu, au vimekufa ganzi. Ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, au harufu mbaya inatoka ndani ya plasta, usingoje kesho. Kadhalika shavu la mguu likivimba na kuuma, au mgonjwa akashikwa ghafla na pumzi fupi na kifua kubana, hiyo huenda ikawa damu iliyoganda, nayo huua. Ndani ya plasta huwasha sana; mimi nilitamani kuchokoa kwa kijiti cha kufumia mkeka, mjukuu akaninyang'anya. Kijiti huchubua ngozi, na kidonda kilicho chini ya plasta hakionekani.

Sasa nije kwenye lile nililotaka kulifikia tangu mwanzo. Hata mguu ukiwa ndani ya hogo, haukupewa likizo. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kuukaza msuli wa paja kama mtu anayeligandamiza goti kitandani, kuhesabu mpaka tano, kisha kuulegeza. Na kuuchezesha unyayo juu na chini. Mara kumi, na kurudia siku nzima. Nikijijua kwamba nitasahau, niliyatundika mazoezi hayo kwenye sala tano: nikitoa salamu na kumaliza nyiradi, tasbihi ile ile ilihesabu mikazo ya paja. Kwanza kumi, nguvu zilipoongezeka, 33. Sikukosa hata siku moja. Hogo lilipofunguliwa katikati ya Aprili, paja lilikuwa limepungua, lakini halikufa.

Goti lenyewe lilikuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaacha mguu ushuke kwa uzito wake, kisha nikausukuma nyuma kidogo kwa mguu mzima. Siku ya kwanza haukufika hata nusu ya kukunjika. Maumivu ya kukunja yalikuwa makali kuliko ya kuvunjika, na nasema hivi nikiwa mtu niliyeonja yote mawili. Nilipewa kipimo: maumivu yanayotulia baada ya kupumzika ni ya kazi, uvimbe na joto vinavyobaki mpaka asubuhi ni onyo, punguza. Nikikunja vizuri kila siku, niliahidiwa kutembea bila magongo baada ya miezi mitatu hivi, na nguvu kamili baada ya miezi sita au zaidi. Jambo moja tu nilikatazwa kwa muda mrefu: kulipigia goti chini.

Ikafika Idi, mwanzoni mwa Mei. Uwanja ulijaa, watu wametoka mpaka vijijini. Kiti changu kiliwekwa mbele. Nikakitazama, nikawatazama wale watu, wengine niliowasomesha tangu wakiwa watoto, na kitu ndani yangu kikasema, leo si siku ya kiti. Nikakisogeza pembeni. Niliswalisha rakaa mbili kwa kusujudu chini na kukaa tahiyatu, goti la kulia nimelibana ardhini na uzito wangu wote juu yake. Watu walisema takbira kwa furaha kuona sheikh amepona. Nilihutubu nimesimama, jasho likinichuruzika. Jioni goti lilikuwa limevimba kama siku ya kwanza.

Mfupa haukuachana, namshukuru Mungu. Lakini nilirudi kwenye magongo kwa wiki 3, na kukunja kote nilikokupata kwa tabu kulipotea nikaanza upya. Mke wangu hakunilaumu kwa neno. Aliniletea Sahihi ya Bukhari kutoka rafuni, akaiweka juu ya mto, akaenda zake jikoni. Nilijua alichokuwa akikitaka. Bwana Mtume (S.A.W.) alianguka kutoka juu ya farasi, akachubuka upande wa kulia, kama alivyosimulia Sayyidna Anas, akawaswalisha masahaba zake hali amekaa. Na Imran bin Husayn alipomuuliza juu ya sala akiwa mgonjwa, alimwamuru aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Hadithi hizi nimezisomesha mara ngapi! Ikiwa yeye aliketi mbele ya masahaba zake, mimi ni nani wa kuona haya mbele ya watu wa Katesh? Ile sijida yangu ya Idi niliyodhani ni unyenyekevu ilikuwa na kitu kingine ndani yake, na mimi nakijua.

Basi ndipo nilipoelewa kwamba nilikosea mara mbili kwa njia mbili zilizo kinyume. Kwanza nilijizuia nisichohitaji kujizuia, yaani maji na msaada. Kisha nikajilazimisha nisichotakiwa kujilazimisha, yaani ardhi. Mara zote mbili niliita jambo hilo subira. Na kumbe subira niliyoagizwa ilikuwa imekaa katikati, haina sifa yoyote machoni pa watu: kukunja goti mara 33 baada ya kila sala, hata siku unayoona halijaongezeka upana wa ukucha.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule kijana na mama yake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sheikh, nikimwona anaumia nifanye nini?" Nikamwambia, "Mama, shika tasbihi uhesabu." Walirudi naye hospitali, wakaonyeshwa mazoezi upya, na wakaelezwa kwamba goti lililochelewa hukunjika kwa taabu zaidi, wala huenda lisirudi lote. Miezi ilipita. Sasa anapanda basi la Babati na kukaa kitini kama watu wengine, ingawa tahiyatu yake bado ni ya mto chini ya paja, kama yangu.

Nilipowapitia wakati ule wa mazoezi, nilimkuta nje juu ya kigoda, uso umekunjamana, mama amekaa kwenye jamvi na tasbihi mkononi. Walikuwa wakibishana. Yeye anasema ile ilikuwa ya thelathini na tatu. Mama anasema ni ya thelathini na moja.